Mdomo Mmoja Juu ya Shimo

Ngo! Ngo! Ngo!

Chuma kiligongwa chini ya barabara. Kikatulia. Kikagongwa tena.

Ngo! Ngo! Ngo!

Wiki nzima, tangu sehemu iliyopita ya hadithi hii, umekaa na sauti hiyo masikioni, msomaji. Usikae nayo zaidi. Ni sauti ya watu wawili walio hai ndani ya bomba la majitaka, na kila wakigonga mara tatu wanauliza jambo moja: tufanye nini?

Aliyepaswa kuwajibu alikuwa amelala ubavu pembeni ya shimo, nusu ya uso wake imelegea kama nguo iliyolowa. Ni Mzee Kengele, kiongozi wa kikosi cha kuzibua mitaro. Alikuwa ameinamia shimo akiwaita watu wake wapande, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza kunyesha milimani na maji yalikuwa njiani. Neno halikuisha. "Pande..." alisema, ulimi ukapinda, akaanguka.

"Mzee! Mzee, niangalie!" Chiriku alikuwa amepiga magoti, kakipakata kichwa chake. "Mzee, sema kitu!"

Jicho moja la mzee lilimtazama. Jingine halikumtazama mtu.

Chiriku ndiye mshika kamba wa kikosi. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu kwenye lori mdomo wake haupumziki, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Lakini juu ya shimo hajawahi kutamka hata neno. Hapo anayesema ni mmoja tu, naye huitwa Mdomo.

Ngo! Ngo! Ngo!

Chini walikuwa kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama yake, na Fundi Twiga, ambaye kwa urefu wake huingia mtaroni amejikunja kama kiti cha kukunja.

"Wanasubiri jibu," alisema Dereva wa lori. "Chiriku, wanasubiri jibu!"

"Nasikia!"

"Basi fanya kitu!"

Hapo ndipo panya wa kwanza alipochomoza.

Alitoka kwenye wavu wa mtaro, kule upande wa juu wa barabara, mchana kweupe. Akafuata wa pili. Halafu wakamiminika kama maharage kutoka kwenye gunia lililochanika, wakapita kati ya miguu ya watu bila kumtazama yeyote. Hawakuwa wakiwakimbia watu. Walikuwa wakikikimbia kitu kingine.

Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Na woga, msomaji, ukishaingia kwenye koo moja, hauchelewi kuingia kwenye la pili.

"Kaka!" Chiriku alijitupa juu ya shimo. "Kaka, toka huko! Panda!"

"Twigaaa!" Dereva naye aliinama upande wa pili. "Msipite kushoto! Twigaaa!"

Msimamizi wa mradi akaja mbio, kipaza sauti mkononi, shati limetoka kwenye suruali. "Wafanyakazi mlioko chini! Mnaagizwa kutoka mara moja! Narudia, mara moja!"

Na kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye duka la dobi, akatoka mbio mpiga pasi, shati la mteja bado liko begani. Alikuwa wifi yake Chiriku, mke wa huyo kaka. Hakuuliza kitu. Alipomwona Mzee Kengele chini, alielewa yote.

"Mume wangu! Mume wangu, nijibu!"

Mwangwi ukazichukua sauti zote nne, ukazikoroga, ukazirudisha juu kama kicheko cha kichaa.

Kugonga kukakoma.

Wote wakasikiliza. Hakuna ngo. Hakuna sauti.

"Wamekufa," alisema Dereva.

"Funga mdomo wako mchafu!" Wifi alimrukia, akamkamata ukosi. "Nani kafa? Nani kafa? Ee baba! Mume wangu, toka!"

Wakaanza upya, na safari hii kwa nguvu zaidi. Watu wa mtaani nao wakajiunga. Pandeni! Kimbieni! Huku! Kule!

Chiriku peke yake alinyamaza. Alikuwa ameelewa, na alichoelewa kilimtisha kuliko panya wote wale.

Kikosi kile kina sheria moja kubwa kuliko zote. Ukisikia mdomo mmoja, tii. Ukisikia midomo miwili, simama ulipo, shika ukuta, usisogee mpaka ubaki mmoja. Sheria hiyo ilizaliwa siku baba yake Chiriku alipokuwa Mdomo. Yeye alisema "rudini", na mtu mwingine kwa woga akasema "njooni", wakati huohuo. Kijana mmoja alikwenda asikotakiwa kwenda, hakuonekana tena. Tangu siku ile baba alisema na watu kwa kutikisa kichwa, mpaka akazikwa. Ndiyo maana Mzee Kengele alipomwambia Chiriku mwezi uliopita, "Jifunze, siku moja utakaa hapa," binti alicheka, akabadilisha mazungumzo, akaenda kukunja kamba.

Sasa wanaume wawili walikuwa wamesimama gizani, mikono ukutani, wakitii.

"Wanatutii sisi," alisema Chiriku. "Hawapandi kwa sababu tunawaita."

Hakuna aliyemsikia.

"Nyamazeni!"

Watu walimtazama kama mtu anayeuliza njia. Mmoja hata akacheka: "Na huyu naye katokea wapi?"

Chiriku akainuka. Akamwendea Msimamizi, akakinyakua kipaza sauti, akafungua mfuniko wa nyuma, betri zikamwagika barabarani.

"We binti! Una wazimu?"

"Wanasimama wakisikia sauti mbili," alisema Chiriku, taratibu, uso kwa uso. "Sisi ni hamsini. Bosi, wanyamazishe hawa watu. Wewe watakusikiliza."

Msimamizi alifungua kinywa. Akamtazama mzee chini. Akatazama panya. Kisha akageuka na kutandaza mikono, akaanza kuusukuma umati nyuma, kidole kiko mdomoni.

Dereva alijiziba mdomo mwenyewe kwa viganja viwili.

Akabaki wifi.

"Mume wangu! Nisikie! Mume wa..."

Chiriku akamshika kwa nyuma, akamziba mdomo. Wifi akamng'ata. Meno yaliingia kwenye nyama ya kidole, damu ikatoka, Chiriku hakuachia.

"Wifi," alimnong'oneza sikioni. "Wifi yangu. Kila ukimwita, anabaki."

Mwili wa wifi ukakakamaa. Ukalegea. Meno yakaachia.

Kimya kilipoingia, ndipo walipoyasikia maji. Yalikuwa mbali bado, upande wa juu, kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori, ila hazimaliziki kumwagwa.

Chiriku akalala kifudifudi mahali alipokuwa akilala Mzee Kengele, kidevu kwenye chuma cha shimo. Harufu ilimpanda puani. Giza lilikuwa jeusi kama lami ya moto.

Sema, alijiambia. Sema chochote.

"Mdomo ni mmoja," aliita.

Sauti ilitoka nyembamba. Lakini ilikwenda. Aliisikia ikiteleza ndani ya bomba, mbali, mbali zaidi.

Kimya. Kisha sauti ya kiume, kama inatoka ndani ya debe:

"Nani huyo?"

Nyuma yake wifi alianza kulia bila sauti, shati la mteja kalijaza mdomoni.

"Ni mimi."

"Chiriku?" Kaka yake alicheka, kicheko kifupi kikavu. "Hebu toka hapo. Mpe Mzee."

"Mzee hawezi."

"Hawezi nini?"

"Hawezi kusema. Kaka, mdomo ni wangu."

"Nani kakupa?"

Chiriku akageuza shingo. Mzee Kengele alikuwa akimtazama kwa lile jicho moja. Alitamani litikisike, lifumbe, lifanye lolote. Jicho lilitazama tu. Halikumpa kitu.

"Hakuna aliyenipa," alisema. "Nimeuchukua."

"Basi mwite mtu mzima!"

"Watu wazima wote wako hapa wanatetemeka, kaka, na mimi natetemeka kuliko wao. Unataka nikuletee nani?"

Ikasikika sauti ya pili chini, nzito, ya Fundi Twiga: "Mwache aseme. Mimi naisikia sauti moja. Inanitosha."

"Mko wapi?" aliuliza Chiriku.

"Mteremko wa chini, upande wa sokoni," alijibu kaka. "Maji yako magotini. Tunakuja kwako, Mzee alisema tupande."

Chiriku akainua kichwa. Mvumo ulikuwa upande wa juu. Kaka yake alikuwa upande wa chini. Kuja shimoni ni kutembea kuyaendea maji uso kwa uso, tena wakipanda mteremko. Lakini wakigeuka, wakafuata mkondo, kuna kifuniko cha shimo jingine mbele yao. Kile cha chini, karibu na...

Akaacha kupumua.

"Dereva," alinong'ona. "Lori umeliegesha wapi?"

Dereva aligeuka kutazama. Damu yote ikamtoka usoni. Lori la kikosi lilikuwa limetulia kivulini, kule chini, na gurudumu lake la nyuma lilikuwa juu ya kifuniko.

"Niliona kuna kivuli," alisema, kama mtoto.

"Litoe."

"Asubuhi liligoma kuwaka..."

"Wachukue hawa wote. Lisukumeni. Na mtarimbo beba."

Dereva akakimbia. Msimamizi akakimbia. Umati mzima ukakimbia nyuma yao, bila kelele, viatu tu vikipiga lami.

Je, msomaji, wewe ungefanyaje? Lori halijatoka. Pengine halitatoka. Ukiwaambia waje, watakutana na maji. Ukiwaambia washuke, watafika chini ya tani za chuma. Na maji hayakusubiri mtu afikiri.

"Chiriku!" Sauti ya kaka yake ilikuwa imepanda. "Tunakuja au vipi? Mzee alisema tupande!"

"Najua alichosema."

"Lilikuwa neno lake la mwisho!"

"La mwisho ni langu!" Alishtuka kusikia alichosema mwenyewe. Akashusha pumzi. Mzee Kengele hakuwa akipiga kelele shimoni. Alikuwa akiimba, kwa sababu kelele hupasuka ndani ya bomba na wimbo hufika. Chiriku hakuwahi kuimba mbele ya mtu. Akaimba, kwa sauti inayotetemeka kama uzi:

"Geukeni nyuma, msije mbele,
shikeni ukuta bila kelele!"

Akarudia. Kisha akamalizia kwa maneno ya kawaida: "Fuateni mkondo. Tokeeni kifuniko cha chini. Sasa."

Kimya.

Fikiria kimya hicho. Wifi alikuwa amelala chini pia, kamkumbatia miguu. Mvumo ulikuwa umefika kwenye wavu walikotokea panya, na maji meusi yalianza kuchemka juu ya lami.

Ngo!

Mara moja. Maana yake: tumesikia.

Chiriku hakupata muda wa kushukuru. Upepo wa moto wenye uvundo ulimpiga usoni, ukamrusha nyuma, na chini yake bomba likanguruma. Maji yalipita. Yalipita kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuishika, povu na takataka, na ngazi ya chuma ya shimoni iling'oka, ikaenda nayo.

Kama wangekuja, wangekuwa kwenye ngazi ile.

"Wifi, kaa na Mzee!"

"Sikai na mtu!"

Wakakimbia wote wawili.

Kule chini watu walikuwa wameliwekea lori mabega, Msimamizi katikati yao, kofia imeanguka. "Moja, mbili, tia!" Lori likatikisika, likarudi palepale. "Tia!" Likatikisika. Chiriku alijipenyeza kati ya mwanaume mwenye ndevu na muuza magazeti, akaweka bega lake. "Tia!" Gurudumu likapanda ukingo wa kifuniko, likashuka upande wa pili.

Dereva akaingiza mtarimbo. Kifuniko kikafunguka, na mkono mrefu kuliko mikono yote ukatoka shimoni.

"Twiga!"

Walimvuta kwa kwapa, kwa ukosi, kwa nywele. Alitoka akitapika maji meusi, gambuti moja halipo. Kamba iliyowaunganisha wale wawili ilikuwa imefungwa kiunoni mwake, na Chiriku, ambaye kazi yake ni kamba, aliikamata akaanza kuvuta ili amtoe wa pili.

Kamba ilikuja nyepesi.

Aliendelea kuvuta. Ilikuja yote, mpaka ncha. Ncha haikukatika. Ilikuwa imefunguliwa.

"Twiga." Hakuitambua sauti yake. "Kaka yangu yuko wapi?"

"Ilinasa." Twiga alikuwa akitetemeka mwili mzima. "Kamba ilinasa kwenye chuma. Nisingeweza kupita. Nilihisi akifungua fundo la upande wake. Nikamwambia usifungue. Dada, nilimwambia!"

Wifi hakulia. Alimwendea Chiriku polepole, akasimama mbele yake.

"Wewe ndiye uliyemwambia ashuke."

"Ndiyo."

"Mzee alisema wapande. Ukasema la mwisho ni lako."

"Ndiyo, wifi. Ni mimi niliyesema."

"Mungu akuone! Mungu..."

Hakumaliza. Macho yalikuwa yamepita juu ya bega la Chiriku, yakaganda katikati ya barabara. Akanyoosha kidole.

Kati ya shimo la juu na kifuniko cha chini kuna tundu la hewa, wavu wa chuma wenye ukubwa wa sahani. Kupitia kwenye wavu ule vilikuwa vimetoka vidole vinne.

Vilisogea.

Chiriku hakumbuki alivyofika. Alijikuta amelala, shavu kwenye lami, amevishika vidole vile. Vilikuwa baridi kama bomba la maji.

"Kaka!"

"Nani?"

"Mimi."

"Ulisema kuna mlango." Alikuwa akihema kati ya neno na neno. "Mimi naona dirisha tu."

"Usiongee sana. Maji yamefika wapi?"

"Kifuani. Yanapanda. Nimesimama kwenye kitu, sijui ni nini, kinateleza. Twiga?"

"Katoka."

"Basi nusu umepatia," alisema kaka yake, na alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Msimamizi alikuwa tayari kwenye simu, akipaza sauti kuomba mashine ya kuvunja lami. Ipo, walimwambia. Iko upande wa pili wa mji. Inakuja. Dereva alichomeka mtarimbo kwenye wavu, akaning'inia kwa uzito wake wote. Wavu ulikuwa umezikwa kwenye zege. Haukusogea.

Kilichosogea ni barabara.

Ilianza kama mlio wa kitambaa kinachochanwa. Ufa mwembamba ulitembea kutoka ukingoni, ukapita chini ya mtarimbo, ukapita chini ya tumbo la Chiriku, ukaendelea mpaka ng'ambo. Lami ikashuka kidogo, kama kitanda mtu anapokaa.

"Inatitia!" Msimamizi alirudi nyuma. "Udongo umeliwa na maji! Ondokeni! Wote ondokeni!"

Watu wakatimka. Dereva akaacha mtarimbo palepale. Hata Twiga walimburuta. Vumbi la zege lilianza kudondoka ndani ya tundu, na Chiriku alimsikia kaka yake akilitema.

"Binti! Toka hapo!" Msimamizi alikuwa karibu kulia. "Nakuomba! Itakuzika!"

Chiriku hakuinuka. Alitandaza miguu na mikono ili uzito wake usikae mahali pamoja, na akahisi mtu akimshika vifundo vya miguu. Akageuka kidogo. Alikuwa wifi, amelala upande wa pili wa ufa, kwenye lami iliyo imara, kamshikilia kwa mikono yote miwili. Hakusema samahani. Alikaza tu.

"Chiriku," iliita sauti kutoka chini. Sasa haikuwa na mzaha hata chembe. "Nasikia viatu. Wanakimbia, sivyo?"

"Wanakimbia."

"Kuna nini?"

Angeweza kudanganya. Alifikiria kudanganya. "Barabara inashuka," alisema.

Vidole vikamwachia. Kaka yake alikuwa ameviondoa mwenyewe.

"Basi nenda. Nenda, mdogo wangu. Mshike wifi yako mwende."

Lami ikashuka tena. Chiriku alikuwa na hofu mpaka meno yalikuwa yakigongana, na mkojo ulikuwa umemtoka, na hakujali nani anaona. Akapitisha vidole vyake kwenye wavu, kile kilichong'atwa kikiwa mbele, akapapasa gizani mpaka akaupata mkono wa kaka yake, akaubana.

"Kaka, nisikilize vizuri, maana sirudii. Sitoki hapa. Mashine ije, isije, nipo. Wakikuita watu wengine, usiwajibu. Nakuahidi, mbele ya mke wako anayenisikia: sauti ya mwisho utakayoisikia humo ndani itakuwa yangu, na itakuwa inakwambia, toka."